Kinga Isiyosubiri Kliniki: Dhahabu, Mimba Changa na Kasoro za Kuzaliwa Geita na Shinyanga

Uliza machimboni Nyarugusu, Lwamgasa au Kakola kwa nini mtoto fulani alizaliwa na mgongo wazi, utapewa moja ya majibu matatu. Wapo watakaosema ni mkono wa mtu. Wapo watakaosema ni mapenzi ya Mungu, wakuombe usihoji. Na siku hizi wapo, tena wanaongezeka, watakaokuambia bila kusita: ni zebaki. Jibu hili la tatu ndilo lililo karibu zaidi na maabara, lakini likisemwa kwa mkato linaweza kupotosha sawa na yale mawili. Visababishi vya kasoro za kuzaliwa ni vingi. Zebaki ni mshukiwa mmoja, ana wenzake, na baadhi yao hawakai mgodini. Wako jikoni, kisimani na dukani.

Swali hili limewachukua watafiti wa Kanda ya Ziwa miaka mingi, na baadhi yao limewachukua maisha yao yote ya kitaaluma. Waliyoyapata yanatosha kutupa mambo mawili. La kwanza ni kwamba ushahidi wa sumu kuwafikia wajawazito upo na ni imara, ila ushahidi wa kasoro zenyewe bado ni mwembamba, kwa sababu watoto wanaozaliwa nazo hatuwahesabu. La pili ni zito zaidi: kinga tuliyo nayo tumeiweka kliniki, mahali ambapo mama wengi hufika viungo vya mtoto vikiwa vimeshaumbika.

Kalenda ya mimba changa

Mfereji wa neva, ule utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe. Usipofunga upande wa chini mtoto huzaliwa na mgongo wazi; usipofunga upande wa juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki na mtoto haishi. Moyo, mikono na miguu huchukua umbo kufikia wiki ya nane, na mdomo wa juu huungana katika kipindi hichohicho. Siku ya 28 mwanamke ambaye wengi wetu tunamfahamu ndiyo kwanza anahesabu siku zake na kuona zimepitiliza. Hajamwambia mume, hajamwambia mama mkwe, na kadi ya kliniki hana.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya wanne tu ndiye aliyehudhuria kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Waliobaki walifika baadaye, wakapimwa, wakapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Vidonge hivyo vinasaidia damu ya mama na havipaswi kuachwa, lakini kwa upande wa mgongo wa mtoto mlango umeshafungwa, ama vizuri ama vibaya.

Kwamba kitu cha nje kinaweza kuingilia kalenda hii si habari ya zamani sana. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wenye mtoto wa jicho ambao mama zao waliugua rubela mimba ikiwa changa. Mwaka 1961 Widukind Lenz wa Ujerumani na William McBride wa Australia walihusisha dawa ya thalidomide na watoto waliozaliwa bila mikono au miguu kamili. Mwaka 1991 jaribio kubwa la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilionyesha kwamba foliki asidi iliyoanza kumezwa kabla ya mimba ilipunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa kupata tena mtoto wa mgongo wazi kwa mama aliyekwisha kumpata mmoja. Matukio yote hayo yana fundisho moja: aliyefanikiwa kukinga aliwahi mapema, na mara nyingi alianza kabla ujuzi wa namna madhara yanavyotokea haujakamilika.

Kutoka karasha hadi kondo la nyuma

Tuifuate sumu hatua kwa hatua. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, hupondwa, mara nyingi na wanawake wanaokaa chini na nyundo, kisha hupelekwa karasha kusagwa. Unga wa mawe huoshwa kwenye mwalo, na mchanga mzito unaobaki hutiwa kwenye beseni pamoja na zebaki na maji. Mtu huukoroga na kuukanda kwa mikono mitupu hadi zebaki iikusanye dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, halafu huchomwa juu ya jiko la mkaa hadi ibaki dhahabu ya kahawia. Kwa njia hii, gramu moja ya dhahabu hutumia gramu moja hadi mbili za zebaki, na karibu yote iliyobaki ndani ya donge huondoka kama mvuke.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma. Uchomaji haufanyiki mwaloni peke yake. Hufanyika nyuma ya nyumba, ndani ya chumba cha mnunuzi, pengine kwenye jiko litakaloinjikiwa ugali jioni. Mke wa mchomaji, mama ntilie wa jirani na binti anayefua pembeni wote huvuta hewa ileile.

Sehemu nyingine hubaki kwenye marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Hapa pana siri ya kiuchumi ambayo kampeni nyingi za afya hazigusi. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe, na kiasi kikubwa hubaki kwenye marudio. Mara nyingi marudio hayo huwa mali ya mwenye karasha, ambaye huyapeleka kwenye mitambo ya sainaidi na kuvuna kilichobaki. Mchimbaji anapata fedha ya leo. Mwenye mtambo anapata ya kesho. Zebaki iliyokuwa kwenye marudio ikikutana na sainaidi huyeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi. Ikifika kwenye tope la mto au ziwa, bakteria huigeuza kuwa methili ya zebaki, ambayo hupanda ngazi ya chakula kutoka vijidudu hadi samaki na hatimaye sahani ya mtu.

Aseniki ina njia yake. Miamba ya dhahabu ya Geita, Kahama na Shinyanga ina madini yaliyobeba aseniki, na mwamba ukipasuliwa, ukisagwa na kuachwa kwenye mvua, aseniki hutoka. Hata pasipo mgodi, maji ya ardhini hupita kwenye miamba hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Julian Ijumulana, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, wamepima visima na chemchemi za ukanda huu na kukuta baadhi yake vikizidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 10 kwa lita. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga mwalo anaweza kuwa anakunywa sumu ya mwamba kila siku, na maji yenyewe yakawa maangavu kabisa.

Walioanza kuangalia

Uchunguzi wa zebaki Kanda ya Ziwa ulianza na watu waliotoka mahali palipoijua vizuri. Mwaka 1956 mji wa Minamata, Japani, ulitangaza ugonjwa wa ajabu wa neva, na baadaye ikathibitika kwamba kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga methili ya zebaki baharini. Huko daktari Masazumi Harada alionyesha jambo ambalo wengi walikuwa hawaliamini: mama aliyekuwa na dalili ndogo tu angeweza kuzaa mtoto aliyeharibika ubongo, kwa sababu kondo la nyuma halikuizuia sumu hiyo.

Miaka ya 1990 wataalamu wa Japani walifika kwetu. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya kazi na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya kitaifa ya ugonjwa wa Minamata, wakapima samaki na nywele za watu. Harada mwenyewe na wenzake walikusanya nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, na matokeo yao ya 1999 yalikuwa na jambo lisilotarajiwa. Baadhi ya watu waliokutwa na zebaki nyingi mno hawakuipata kwenye samaki wala mgodini. Waliipata kwenye sabuni ya kung'arisha ngozi. Aliyekuwa akisaka sumu ya dhahabu alijikuta anaikuta bafuni, na mpaka leo mkorogo na krimu zenye zebaki ni sehemu ya swali hili hata kama mazungumzo yetu huishia mwaloni.

Kati ya 2002 na 2007 Mradi wa Kimataifa wa Zebaki wa Umoja wa Mataifa uliichagua Rwamagasa, ndiyo Lwamgasa, iwe eneo lake la Tanzania. Daktari Stephan Böse-O'Reilly wa Munich na timu yake waliwapima wachimbaji na familia zao, na wachomaji wa donge ndio waliokutwa na mzigo mkubwa. Timu hiyohiyo ilipima maziwa ya mama katika maeneo ya wachimbaji wadogo ya Tanzania, Zimbabwe na Indonesia na kukuta zebaki humo pia. Hapo mazungumzo yalianza kuhama kutoka kwa mwanamume anayechoma kwenda kwa mtoto asiyechoma chochote.

Mtafiti aliyelifanya suala la ujauzito kuwa kazi yake ni Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Bugando, CUHAS, Mwanza, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Ukizipanga kazi zake kwa miaka, utaona swali likisogea kutoka ardhini kwenda tumboni. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya zebaki na aseniki kwenye maji, udongo na mihogo ya Rwamagasa. Mwaka huohuo walichapisha utafiti juu ya udongo wanaokula wajawazito wa Geita. Kati ya wanawake 340 waliohojiwa, karibu nusu walikuwa wakila udongo, wengi mara kadhaa kwa siku: pemba za kununua sokoni, au udongo wa kichuguu. Udongo huo ulipopimwa ulikutwa na aseniki na madini mengine mazito. Mjamzito anayetafuna pemba kutuliza kichefuchefu anatafuna pia kilichomo ndani yake, tena wengi huanza katika miezi mitatu ya kwanza.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi, ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuita Uchimbaji na Afya. Nyanza alifanya kazi na Deborah Dewey na wenzake wa Calgary pamoja na Mange Manyama, mtaalamu wa anatomia aliyekuwa akifundisha Bugando. Walisajili wajawazito zaidi ya 1,000 katika maeneo yenye wachimbaji wadogo na maeneo yasiyo nao. Mbinu yao inastahili kutazamwa kwa karibu: kila mama alitoa mkojo kwa ajili ya aseniki, na matone ya damu ya kidole yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu kwa ajili ya zebaki. Zahanati ya kijijini isiyo na jokofu la uhakika inaweza kukausha matone hayo na kuyahifadhi yasiharibike. Sayansi nyingi ya Afrika hukwama mahali hapo, kwenye umeme na barafu, wala si kwenye akili.

Matokeo ya 2019 yalionyesha wajawazito wa maeneo ya machimbo wakiwa na aseniki na zebaki nyingi kuliko wenzao. Matokeo ya 2020, yaliyowafuata wanawake 961 hadi kujifungua, yalihusisha sumu hizo na uzazi wenye matatizo: watoto kuzaliwa wafu, kuzaliwa na uzito mdogo na, kwa upande wa zebaki, kasoro zinazoonekana kwa macho. Mwaka 2021 watafiti walirudi kwa watoto wenyewe, wakawapima ukuaji kwa kipimo kilichotengenezwa Malawi kwa watoto wa Kiafrika. Waliopata zebaki nyingi tumboni walionekana kuchelewa zaidi.

Kazi hii ya mwisho inafunua udhaifu wa rejesta zetu. Madhara ya zebaki yenye ushahidi mkubwa zaidi duniani ni yale ya ubongo. Mkunga atamgeuza mtoto, atahesabu vidole, ataangalia mgongo na kaakaa, ataandika kwamba mtoto ni mzima. Hasara itaonekana miaka mitatu baadaye, mtoto anapochelewa kusema, na wakati huo hakuna atakayekumbuka jiko lililokuwa nyuma ya nyumba.

Kwa nini uthibitisho ni mgumu

Sasa twende kwenye upande ambao wanaharakati hawaupendi. Tuchukulie kwamba mgongo wazi na kasoro za jamii yake humpata mtoto mmoja hadi watatu kati ya 1,000. Ukiwafuata wajawazito 1,000, hata ukifanya kila kitu kwa usahihi, utapata mtoto mmoja, wawili, pengine watatu. Huwezi kusema lolote la maana kuhusu kisababishi kwa watoto wawili. Ndiyo maana watafiti hulazimika kuzikusanya kasoro zote zinazoonekana katika kapu moja: mdomo sungura, nyayo za kupinda, kidole cha ziada. Lakini hizo hazina asili moja, na kuzichanganya hufifisha uhusiano hata pale ulipo.

Tatizo la pili ni muda. Utafiti wa Uchimbaji na Afya uliwapata wanawake wakiwa katika miezi mitatu ya pili ya ujauzito, kwa sababu ileile ya kliniki tuliyoieleza. Mimba zilizotoka mapema, ambazo pengine ndizo zilizokuwa na kasoro kubwa, zilikuwa zimekwisha kupotea kabla mtafiti hajafika. Waliosajiliwa ni wale ambao mimba zao zilisalimika.

Tatizo la tatu ni hospitali. Mwaka 2014 Florentina Mashuda na wenzake walichapisha hesabu ya watoto wachanga 445 waliolazwa Bugando, na asilimia 29 walikuwa na kasoro za kuzaliwa, zile za mfumo wa neva zikiongoza. Takwimu hiyo inatisha, lakini haituambii kasoro zimeenea kiasi gani Kanda ya Ziwa. Bugando ni hospitali ya rufaa. Wanaofika ni waliopewa rufaa, wakapata nauli, wakafika hai. Aliyezaliwa bila fuvu kamili kijijini Bukombe akafa usiku uleule hamo katika hesabu hiyo. Usukumani jina huhifadhi namna mtoto alivyokuja duniani: Kulwa na Doto ni pacha, Shija ni aliyewafuata pacha. Aliyezaliwa mgongo wazi akazikwa kesho yake hana jina wala mstari kwenye kitabu.

Hata kwenye vitabu kamili, majibu hayaji kirahisi. Huko Utah, Marekani, ambako kila kasoro huorodheshwa, watafiti walipitia vizazi zaidi ya 270,000 na watoto 5,504 wenye kasoro kubwa. Matokeo yao ya 2017 yalisema kisababishi kilijulikana kwa mtoto mmoja tu kati ya watano. Anayemhakikishia mama wa Geita kwamba mtoto wake aliharibiwa na zebaki anadai kujua kuliko wanavyojua walio na kila kipimo. Kuna kasoro za kurithi ambazo mazingira hayahusiki nazo. Ualbino ni wa namna hiyo, na mkoa wa Shinyanga, wenye kituo cha Buhangija kilichowapokea watoto waliokimbizwa kuokoa maisha yao, unajua bei ya kuutafsiri vibaya mwili wa mtoto.

Pamoja na hayo, njia ya kulizunguka tatizo la idadi ipo, na imeonyeshwa na jirani anayezungumza Kiswahili kama sisi. Lubumbashi, kwenye ukanda wa shaba na kobalti wa Kongo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji. Hawakusubiri kasoro zijitokeze katika kundi la wajawazito. Walianza na watoto waliozaliwa na kasoro hospitalini, wakawalinganisha na waliozaliwa salama humohumo, kisha wakauliza na kupima kila kilichotangulia. Matokeo ya 2020 yalionyesha kwamba baba kufanya kazi inayohusiana na madini kuliongeza uwezekano wa kasoro takriban mara tano. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, hivyo kiwango hicho kinaweza kuwa chini sana au juu sana ya hapo. Lakini swali lenyewe limegeuka: tumezoea kumhoji mama alikula nini, alishika nini, alitembea wapi. Nguo za baba zenye vumbi la karasha zinazofuliwa nyumbani, na mbegu zake zenyewe, hazijaulizwa.

Washukiwa wasio na jina kubwa

Tukiikaza macho zebaki peke yake tutawaachia wengine wapite. Wa kwanza ni upungufu wa foliki asidi. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011. Unga wa ngano, unaosagwa na viwanda vikubwa vichache, ni rahisi kuusimamia. Lakini Shinyanga na Geita hula ugali wa dona uliosagwa kwenye mashine ya kijijini, ugali wa mtama, wa muhogo, na michembe wakati wa uhaba. Mahindi hutoka ghalani, huenda mashineni kwenye ndoo na kurudi jikoni bila kukutana na kirutubishi chochote. Taasisi ya Sanku imeonyesha kwamba mashine ndogo na za kati zinaweza kufungwa kifaa cha kupima na kuchanganya virutubishi wakati wa kusaga. Tatizo ni kuzifikia zote.

Mahindi hayohayo yana hatari nyingine. Mwaka 1990 na 1991 Texas, mpakani na Meksiko, kulizuka watoto wengi wasio na ubongo kamili, na utafiti uliochapishwa 2006 ulielekeza kidole kwenye fumonisini, sumu ya ukungu wa mahindi ambayo huzuia seli kupokea foliki asidi. Martin Kimanya na wenzake wamekuta fumonisini kwenye mahindi ya vijijini Tanzania, Tabora ikiwemo. Kwa mlaji wa dona kila siku, ghala lenye unyevu linaingia moja kwa moja kwenye orodha ya washukiwa.

Wapo pia viuatilifu. Ukanda huu ni wa pamba kama ulivyo wa dhahabu, na dawa ya pamba iliyobaki hupuliziwa mboga au huhifadhiwa chumba cha kulala. Ipo rubela: utafiti wa Mariam Mirambo na wenzake wa CUHAS ulikuta wajawazito zaidi ya 9 kati ya 10 Mwanza wakiwa na kinga waliyoipata kwa kuugua. Wachache waliobaki bila kinga ndio walio hatarini. Chanjo ya surua na rubela iliingia nchini mwaka 2014, na wasichana walioipata utotoni wameanza kufikia umri wa kuzaa. Hii ni kinga iliyofika miaka mingi kabla ya mimba, na ndiyo mfano wa kuigwa kwa nyingine zote.

Kinga iende wapi

Mkataba wa Minamata ulianza kutumika mwaka 2017 na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kiambatisho chake cha uchimbaji mdogo kinataka mambo manne yakomeshwe: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge bila kulifunika, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kutumia sainaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Kinataka pia mkakati wa kuwalinda watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Angalia maneno hayo: umri wa kuzaa, si wajawazito peke yao. Walioandika walijua kalenda.

Katika manne hayo, la kuchoma kwenye makazi ndilo lenye faida ya haraka kwa mimba changa, na ndilo jepesi. Retoti, chombo kinachofunika donge na kuirudisha zebaki kuwa kimiminika, huokoa mapafu na huokoa pia fedha, kwa kuwa zebaki hutumika tena. Geita ina soko la madini tangu Machi 2019. Kila kituo cha ununuzi kinaweza kuwa na sehemu moja ya kuchomea yenye retoti na dohani, mbali na nyumba. Ama kupiga marufuku zebaki bila kumpa mchimbaji njia nyingine, hilo litaipeleka biashara gizani, chumbani, karibu zaidi na mama. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilijenga vituo vya mfano Lwamgasa na Katente vinavyochenjua bila zebaki. Thamani yake itapimwa kwa jambo moja: mwenye mfuko mmoja wa mawe anapata huduma humo, au ni vya wenye malori.

Unga uwekewe foliki asidi kwenye mashine za vijijini. Visima vipimwe aseniki kabla ya kukabidhiwa, na matokeo yabandikwe pale watu wanapochota. Pemba za sokoni zipimwe kama chakula kingine chochote, kwa sababu zinaliwa. Wauzaji wa krimu zenye zebaki wabanwe mijini na minadani. Haya yote yanaweza kuanza bila kusubiri utafiti mwingine, kwa kuwa yana manufaa hata kama zebaki itakuja kuonekana haina hatia ya mgongo wazi.

Lakini tusipohesabu hatutajua kama yamefaa. Kampala ilianza kuhesabu kasoro katika hospitali nne mwaka 2015, ikapitia karibu vizazi 70,000 kwa miaka michache. Dar es Salaam ilijaribu katika hospitali nne mwaka 2011 na 2012. Geita na Shinyanga, zenye sababu kubwa kuliko zote ya kufanya hivyo, zinaweza kuanza na hospitali za mikoa, Bugando na vituo vya afya vichache vya machimboni: mkunga mwenye picha za kasoro kuu, simu ya kupiga picha kwa idhini ya mzazi, na safu moja ya ziada kwenye rejesta ya wazazi. Waliozaliwa wafu waingie kwenye hesabu pia. Halafu watoto hao walinganishwe na waliozaliwa salama, kama Lubumbashi, na baba naye aulizwe.

Gharama si kisingizio. Halmashauri zenye migodi mikubwa hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya mgodi, na sheria inawataka wenye leseni kubwa kuwekeza katika jamii. Madarasa na vituo vya mabasi vimejengwa kwa fedha hizo. Rejesta ya vizazi haina jiwe la msingi la kuzinduliwa wala utepe wa kukatwa, ndiyo maana haijapata mfadhili wa ndani. Matokeo yake kijana wa CUHAS anayetaka kuifanya kazi hii akitegemea ruzuku ya nje hufuata kundi la watoto kwa miaka minne au mitano, fedha zikaisha, na watoto wakaachwa wakiwa na umri uleule ambao madhara ya ubongo ndiyo kwanza yanaonekana. Swali linalohitaji miaka 20 haliwezi kujibiwa kwa fedha za miaka minne.

Wakati hayo yakisubiriwa, lipo ambalo halihitaji kikao. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aanze kumeza foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika, aendelee hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi amwone daktari kwanza, kwa kuwa dozi yake ni kubwa zaidi. Jiko la kuchomea donge litoke kwenye ua wa nyumba leo. Na mwanamume anayetoka karasha avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, azifue mwenyewe, mbali na maji ya kunywa.